Ukuta Usioamka Peke Yake

Lushoto,
14 Aprili 2003

Mwalimu Bryson, shikamoo.

Ni mimi Yusta, mwanafunzi wako wa kompyuta hapa kwenye kituo cha wakulima wa mboga. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyonifunza, kwamba habari za ulinzi wa mashine hazipiti kwenye barua pepe, maana huwezi kujua nani anasoma njiani. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, naye ameahidi ataifikisha hadi ofisini kwako Dar.

Shida ni ule ukuta. Ile programu uliyoiweka kwenye mashine kubwa, inayowapisha tunaowajua na kuwafungia nje tusiowajua, siku hizi haiamki. Masika hii umeme unakatika ovyo kwa sababu miti inaangukia nyaya kule Magamba. Ukirudi, mashine inajiwasha na kila kitu kinaamka isipokuwa ukuta. Nikikaa nikauandikia amri kwa vidole vyangu, unaamka palepale bila ubishi. Nikizima na kuwasha tena, umelala. Akili yangu imefika mwisho.

Mwezi uliopita umeme ulirudi nikiwa kwenye misa. Mashine ilikaa wazi asubuhi nzima, uchafu wa kila namna ukaingia, na bei za Kariakoo walizoletewa wakulima zikawa takataka tupu. Watu walipakia kabichi na karoti kwenye malori bila kujua sokoni kuna nini, madalali wakawachezea wanavyotaka. Tangu siku hiyo meneja wetu, Bwana Alen, ameagiza nilale hapahapa kituoni mpaka ukuta uweze kuamka wenyewe. Nilimwomba nimfundishe Esta, yule mama anayefanya usafi, aandike ile amri badala yangu. Akakataa, akasema neno la siri ni la mtu mmoja tu na sheria hiyo uliiweka wewe. Basi nina godoro langu nyuma ya kabati.

Nisaidie upesi, Mwalimu. Nina sababu zangu.

Mwanafunzi wako,
Yusta Paskali

*

Kambi ya chai, Bumbuli,
17 Aprili 2003

Mwanangu Yusta,

Hapa jirani yako Mama Mwanaisha. Naandika mwenyewe, usishangae mwandiko, miwani yangu imevunjika mkono mmoja.

Ule ugonjwa wa baba yako niliokuambia umezidi. Miguu imevimba na kifua kinambana akilala chali, kwa hiyo tunamwegemeza kwenye magunia. Tulimpeleka zahanati, wakakaa naye siku chache, wakamrudisha. Mganga aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba moyo wake umechoka, na kama ana watoto mbali waitwe. Nikamwambia anaye mmoja, na hayuko mbali, yuko Lushoto tu.

Anakuulizia. Namwambia Yusta analinda mashine. Jana akasema, mashine gani hiyo isiyomruhusu mtu kuja kumwona baba yake. Nikampa uji.

Njoo mwanangu. Si kwamba nakutisha.

Mama Mwanaisha

*

Dar es Salaam,
21 Aprili 2003

Yusta mwanangu, marahaba.

Onga makeo. Nimeanza na Kishambaa kwa sababu hapa ofisini hakuna wa kunijibu. Vijana wote ni wa kiyoyozi, ukiwatajia ukungu wanadhani skrini imeharibika.

Barua yako ilifika ina unyevunyevu na niliinusa kabla ya kuifungua, usinicheke. Ilinuka moshi wa kuni. Nilikaa nayo kitambo, nikajiona niko Mlalo mtoto mdogo, mama anakoka moto, na nje huoni hata zizi la ng'ombe, unasikia tu kengele ya ng'ombe ikitoka kwenye weupe. Niambie, matunda damu yamekwisha? Barabara imeporomoka tena pale Soni? Ukiniandikia ufundi mtupu sikujibu.

Sasa ukuta. Kama ukiuamrisha unaamka, basi wenyewe si mgonjwa. Yanaweza kuwa mambo mawili. Ama mashine haijaambiwa iuamshe, ama imeambiwa ila kuna kitu kinauzuia saa ile ya kuamka. Tuanze na la kwanza. Mashine ina orodha ya vitu inavyotakiwa kuviamsha, nawe unaijua. Itazame uone kama ukuta umo. Hilo tu, halafu niandikie. Jaribio moja, barua moja. Mtu akimeza dawa mbili kwa mpigo akapona, hajui ashukuru ipi.

Na hilo neno "upesi" nimeliweka mfukoni. Mashine nilizoziharibu kwa haraka ni nyingi kuliko nilizoharibu kwa ujinga. Una sababu zako, sawa, kila kijana anazo.

Mwalimu wako,
Bryson

*

Lushoto,
24 Aprili 2003

Mwalimu, shikamoo.

Ukuta umo kwenye orodha. Nimetazama, nimetazama tena, umo.

Matunda damu yapo ya mwisho mwisho, yale yenye ngozi ngumu. Soni pameporomoka kidogo lakini mabasi yanapita upande mmoja, abiria wakiteremka na kutembea. Ukungu siku hizi unaingia mpaka ndani. Unapita kwenye ule upenyo wa dirisha tulioziba kwa gazeti, unakaa juu ya mashine, na zile taa zake za kijani zinakuwa kubwa na laini. Nikiziangalia sana nasinzia. Nimeota mashine iko katikati ya shamba la chai, wachumaji wanaipita mmoja mmoja na vikapu mgongoni, kila mmoja anaiambia jina lake, nayo haiitikii. Niliamka nalia, sijui kwa nini nakuambia.

Nimefanya jaribio lako. Tafadhali nipe linalofuata, na kama yapo mawili nipe yote mawili.

Yusta

*

Dar es Salaam,
29 Aprili 2003

Yusta,

Alen alikuja Dar kununua karatasi na wino, akapita hapa kunisalimia. Ameniambia umeomba likizo, tena isiyo na tarehe ya kurudi, na ulipoulizwa sababu ukanyamaza. Nami si mtoto. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, kampuni za simu zimeota kila kona, huko Arusha wanatafuta vijana kama wewe kwa tochi, na mshahara wao sisi hatuuwezi. Kumbe ndiyo hizo sababu zako. Unataka ukuta upone haraka ili uwaachie kituo kikiwa kizima na uende zako na dhamiri safi.

Sikulaumu kwa kutaka kuondoka. Nimekasirika kwa kufichwa. Bodi ilipotaka kumwajiri kijana wa mjini, mimi ndiye niliyesimama nikasema mchukueni binti wa Paskali, huyu hatakimbia. Wengine walisema watoto wa kambi za chai kila siku wana msiba nyumbani. Wewe mwenyewe ulisimama ukaapa kwamba mambo ya nyumbani hayatavuka mlango wa kituo. Niliringa siku ile.

Jaribio linalofuata ni hili. Umeme ukikatika tena wenyewe, usiukate wewe, keti mbele ya skrini unaporudi. Mistari inapita mbio. Nakili kila unaouona karibu na neno la ukuta, herufi kwa herufi. Ukikosa, ngoja siku nyingine. Mimi sina haraka.

Bryson

*

Lushoto,
3 Mei 2003

Baba, shikamoo.

Mama Mwanaisha atakusomea. Mama, naomba umsomee taratibu, akichoka uache.

Baba, sijaja kwa sababu nikiondoka na mashine ikaamka bila ukuta, bei zitaharibika, wakulima watapoteza mazao yao, na mimi nitafukuzwa. Nimejaribu kuwaeleza hapa lakini nikifungua mdomo nakumbuka walichosema siku naajiriwa, kwamba sisi wa kambini tuna misiba kila siku. Nikaapa mbele yao. Kiburi changu umeniachia wewe, usinikatalie.

Nakuwaza sana. Nikisinzia nasikia unavyokohoa unapovua mabuti mlangoni. Naomba uningoje. Najua hilo haliombwi hivi, lakini naliomba.

Mwanao Yusta

*

Kambi ya chai,
6 Mei 2003

Yusta,

Nimemsomea. Akaomba nisome tena, nikasoma. Akacheka kidogo pale kwenye kiburi, halafu akageukia ukutani.

Hali chakula sasa, ila maji ya matunda damu anakunywa vijiko. Leo amemwita mama yako marehemu kana kwamba yuko jikoni. Mwanangu, sikuandikii tena. Ukiweza njoo, ukishindwa Mungu anaona.

Mama Mwanaisha

*

Lushoto,
8 Mei 2003

Mwalimu Bryson, shikamoo.

Siendi Arusha. Sijui hata hizo kampuni zinaitwaje. Baba yangu anakufa kule kambini Bumbuli na mimi nimekaa hapa naangalia taa za kijani. Hizo ndizo sababu zangu. Sikukuambia kwa sababu niliapa mbele ya bodi, na wewe ndiye uliyenisimamia, sikutaka uaibike kwa ajili yangu. Barua zako za taratibu nilizisoma huku najua anavyozidi kuvimba. Nimekukasirikia sana, Mwalimu, naomba radhi kwa kukasirika, na bado nimekasirika.

Umeme ulikatika juzi, ukarudi asubuhi. Mistari niliyoinakili iko kwenye karatasi ya pili. Yenyewe ni mirefu lakini maana yake ni moja. Ukuta unaanza kujijenga, unafika kwenye jina la kwanza la watu wa kupishwa, unasema haumjui mtu huyo, unaanguka. Jina lenyewe ni Elinuru, yaani mashine ya Elinuru kule ofisi ya Mlalo.

Kuna jambo sikukuambia, sikuona kama lina uzito. Ulipoondoka uliniachia sheria za ukuta zikiwa namba tupu. Kila mashine ya kupishwa ulikuwa umeiandika kwa namba. Mwezi wa pili niliketi nikafuta namba zote nikaandika majina ya wanaozitumia: Elinuru wa Mlalo, Fanueli wa Mombo, Yohane wa Kariakoo. Niliyaona yale majina uliyoyaandikisha kwenye mashine yenu ya huko Dar, nikajua nikitaja jina Dar itatoa namba yenyewe.

Wewe unajua baba ni nani. Alitoka Kigoma kijana akaja na lori la manamba. Alipewa kipande chenye namba, akivae shingoni kwa kamba, na asubuhi nyapara akisimama kwenye jiwe anaita namba, baba anaitika. Miaka mingi aliitika hivyo. Nikiwa mdogo nilimsikia akiitwa namba mbele yangu, nikaona aibu, na sikujua naona aibu kwa ajili ya nani. Mimi sikuweza kukaa hapa kila siku nawaruhusu watu kupita kwa namba. Naona sasa huenda hapo ndipo nilipoharibu. Ila ukiuamrisha kwa mkono unayakubali majina yote, sasa kwa nini uyakatae alfajiri?

Nijibu haya tu. Habari za ukungu leo sina.

Yusta

*

Dar es Salaam,
9 Mei 2003

Yusta mwanangu,

Barua yako nimeipokea mchana, hii inapanda basi jioni hii hii. Nimempa dereva mwenyewe mkononi, na ataileta mpaka mlangoni kwako. Simu nimejaribu mara nyingi, laini yenu imekaliwa na mashine.

Kwanza nenda. Sheria ya neno la siri niliiweka mimi na naifuta mimi. Ndani ya bahasha kuna barua ya Alen. Mpe. Yafuatayo yakikushinda, mwachie Esta neno la siri uondoke, nikilaumiwa nilaumiwe mimi. Bodi wakiuliza, nitawaambia nilikuwa natafuta harufu ya moshi wa kuni huku mtu anauguliwa. Nimeona haya, Yusta. Nisamehe ukipata nafasi.

Sasa ukuta. Umekosea na hukukosea. Mashine inapoamka, ukuta unaamka mwanzo kabisa, kabla simu ya kwenda Dar haijaunganishwa. Ni sawa hivyo, mlinzi lazima afike kabla lango halijafunguliwa. Lakini wewe umempa majina, na majina hayo ni Dar inayoyajua. Saa ile njia ya Dar bado imekufa. Anauliza Elinuru ni nani, hapati wa kumjibu, anaanguka. Ukimwamrisha baadaye kwa mkono, njia iko wazi, Dar inajibu, anasimama vizuri. Ni hilo tu lililokulaza nyuma ya kabati.

Mwingine angekuambia rudisha namba. Mimi sikuambii. Kwenye mashine yako mna faili dogo linaloitwa hosts, liko pamoja na yale mengine ya mipangilio. Lifungue. Andika humo kila jina na namba yake mbele, mstari mmoja mtu mmoja. Mashine hulisoma faili hilo kwanza, kabla ya kumuuliza yeyote. Majina yako yatabaki kwenye ukuta kama ulivyoyaandika, ila sasa itakuwa inawajua watu hao yenyewe, hata njia zote zikiwa zimefungwa. Namba za kuandika nimekuwekea nyuma ya karatasi hii.

Ukimaliza, kata umeme kwenye swichi kubwa, washa, usiguse kitu, tazama. Ukiamka wenyewe, chukua mkoba wako. Mpe baba shikamoo yangu.

Bryson

*

Kambi ya chai, Bumbuli,
26 Mei 2003

Mwalimu Bryson, shikamoo.

Nakushukuru. Ukuta uliamka wenyewe mara ya kwanza. Nilikata umeme tena, ukaamka, nikakata tena, Bwana Alen akanishika mkono akasema inatosha binti, utaunguza mashine. Yeye ndiye aliyenitafutia gari la mbogamboga hadi Soni. Kutoka Soni nilipanda gari la watu wa chai, na lilipokwama kwenye tope nikaja kwa miguu.

Nilimkuta. Alikuwa ameegemea magunia amefunika magoti kwa koti la mvua, mdogo mno. Akanitazama kwa muda, akasema, mashine imekuruhusu? Nikamwambia imeniruhusu, Baba. Akasema, basi ina adabu kuliko nilivyodhani.

Nilikaa naye kuanzia siku ile. Huku hakuna habari nyingi za kukusimulia, siku zote zilifanana. Ukungu unapanda kutoka bondeni, unazifunika nyumba za kambi moja baada ya nyingine, halafu unateremka. Nikawa sijui kama ni asubuhi au alasiri, na sikujali. Nilimlisha maji ya matunda damu. Nilimkata kucha. Wakati mwingine alizungumza Kiha, ambacho sikijui, nami nilimjibu kwa Kishambaa cha mama, na tulielewana.

Alasiri moja kiwanda cha chai kilinyamaza ghafla. Unajua kelele yake ilivyo, ikikoma masikio yanauma. Umeme ulikuwa umekatika milima yote. Mimi nikainuka. Nakuambia ukweli, miguu iliinuka kabla sijawaza, nikaanza kutafuta viatu. Baba akauliza, unakwenda? Nikasimama pale na kiatu kimoja mkononi. Nikamwambia hapana, siendi, utaamka wenyewe. Akauliza nani ataamka, nikakaa nikamsimulia yote. Nilimsimulia ukuta, majina, namba nilizozifuta na sababu ya kuzifuta, mpaka nyapara kwenye jiwe na aibu niliyoiona nikiwa mtoto. Sikuwahi kumwambia hayo.

Akacheka hadi akakohoa, nikaogopa. Akasema, wewe mtoto, umejitesa bure. Namba haikuniuma. Kwa namba ile nilipata posho, nilimwoa mama yako, nilikusomesha. Nikamuuliza, basi hakuna kilichokuuma? Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema kilichomuuma ni kwamba yule nyapara alikuwa akiita huku anatazama karatasi. Hakuinua macho. Akasema, miaka yote ile naitika, hakuna hata siku moja aliyoinua macho kuona nani ameitika.

Umeme ulirudi, kiwanda kikaanza kunguruma. Hatukulizungumzia tena jambo hilo.

Baba alifariki Alhamisi, kumepambazuka vizuri, Mama Mwanaisha yuko nje anachambua mchicha. Hakuhangaika. Alikuwa akivuta pumzi kwa mbali, akafungua macho akanitafuta, na mimi nilikuwa nimeinamia usoni kwake, sikuwa nafanya kazi nyingine yoyote. Aliniona. Aliendelea kuniona mpaka alipoacha.

Tumemzika Ijumaa. Padri wa Kifungilo aliyekuwa safarini huku alituombea. Kituoni nitarudi Jumatatu ijayo, Bwana Alen amesema nisiharakishe, na bei za Kariakoo zinafika kila asubuhi bila mimi.

Nimekusamehe njiani, Mwalimu, pale nilipokuwa natembea kwenye tope. Ningefika na hasira, ningemtazama vibaya. Lakini nilimtazama vizuri.

Yusta